Watoto wa shaba wa Singapore na somo la maji kwa wazazi

Ukipita kando ya Mto Singapore, karibu na Daraja la Cavenagh, utawaona wavulana watano uchi wa mnyama wakijirusha mtoni. Aliye mbele ameshaacha ukingo, yuko hewani. Lakini hafiki majini kamwe, kwa sababu yeye na wenzake ni wa shaba.

Sanamu hiyo, First Generation, yaani Kizazi cha Kwanza, ni kazi ya msanii Chong Fah Cheong na iko hapo tangu mwaka 2000. Inakumbusha enzi ambazo watoto wa kando ya mto waliufanya uwanja wao wa michezo.

Mzazi wa Zanzibar hahitaji kuelezwa. Makachu wa Forodhani hufanya hivyohivyo kila jioni. Wa Mwanza naye anawajua watoto wanaoruka kutoka kwenye mawe ya ziwani.

Mchezo huo una faida. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Tatizo ni kwamba maji halisi hayamwachi mtoto hewani kama shaba. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa. Kwa mtoto, usingoje kuona hilo. Mara nyingi anazama kimyakimya, ndani ya dakika chache, kwa kuwa anayepigania pumzi hawezi kupiga kelele.

Kwa hiyo mzazi, anzia nyumbani. Mtoto mdogo anaweza kufa maji kwenye ndoo au beseni. Mwaga maji usiyoyatumia, funika pipa na kisima, na usimwache peke yake bafuni hata ukienda kupokea simu.

Aliyefikisha miaka sita afundishwe kuogelea na kuelea, wa kike kwa wa kiume. Kumkataza tu hakusaidii, atakwenda kwa siri na hapo hakuna wa kumwona. Mfundishe asiruke asipojua kina, na asitangulize kichwa, maana kugonga mwamba kunaweza kuvunja shingo na kumpoozesha. Kwenye ziwa na madimbwi kuna pia kichocho, kwa hiyo akiona damu kwenye mkojo apelekwe kituo cha afya.

Mwenzake akizama, asimfuate majini. Aite watu wazima na amrushie kamba au dumu tupu lililofungwa mfuniko, ashike aelee.

Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, mbane pua na umpulizie hewa mdomoni, kisha kandamiza katikati ya kifua kwa haraka. Endelea kubadilishana pumzi na kifua hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, mpeleke hospitali, kwani mapafu yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Jioni ya leo waulize wanao wanaogelea wapi, na nani huwa anawatazama.