MBABE WA AGINCOURT ABANWA NA ASKARI WAKE USIKU

Msomaji wangu, filamu za wafalme wa Kizungu wengi tunazitazama kwa ajili ya mapanga. Farasi, ngao, damu, basi. Henry V ya BBC inayo hayo yote, tena ya kutosha, lakini pale iliponishika koo hakuna hata upanga mmoja uliochomolewa. Ni wanaume wanaongea tu gizani.

Mchezo wenyewe ni wa mkongwe William Shakespeare, wa mwaka 1599. Ndiye yule ambaye Mwalimu Nyerere alitafsiri kazi zake mbili, Julius Caesar na Mabepari wa Venisi. BBC waliutengeneza kwa ajili ya luninga katika mfululizo unaoitwa The Hollow Crown, wakaurusha Julai 2012, siku chache kabla ya Olimpiki ya London. Mwongozaji ni mwanamama Thea Sharrock. Mfalme ni Tom Hiddleston, yule Loki wa sinema za Marvel. Dada zangu, najua hapo mmeshakaa vizuri.

Kisa kwa ufupi: Henry, aliyekula ujana kwenye baa na walevi, sasa ni mfalme na anadai kiti cha Ufaransa. Mtoto wa mfalme wa huko anamtumia zawadi ya mipira ya tenisi, yaani kacheze, mtoto! Jamaa anawaka, anavuka bahari na jeshi. Oktoba 1415 wako Agincourt, hoi kwa njaa na ugonjwa wa kuhara, na Wafaransa mbele yao wamejaa kibao.

Basi usiku wa kuamkia vita, mfalme anaazima joho la mzee mmoja, anajifunika, anapita kambini kama askari wa kawaida. Anawakuta watu wa chini wanaongea. Mmoja, Williams, anafunguka bila kujua yuko na nani: kama sababu ya vita hii ni mbovu, mfalme ana deni zito. Siku ya kiama atadaiwa kila mguu na kila mkono uliokatika, na wajane walioachwa hawana kitu.

Henry anajibu kwa maneno mengi kweli kweli. Eti baba akimtuma mwanawe safari ya biashara, mwana akafa na dhambi zake, baba ana kosa gani? Kila mtu na roho yake! Umeona janja hiyo? Ameulizwa habari za sababu ya vita, yeye anajibu habari za dhambi za askari. Amelikwepa swali kama mdeni anavyomkwepa mwenye duka.

Na hapo ndipo TV inapoizidi sinema ya ukumbini. Kamera iko karibu na uso wa Hiddleston, unaona kabisa kwamba swali limeingia. Asubuhi inakuja ile hotuba maarufu ya siku ya Mtakatifu Crispin. Laurence Olivier, mwaka 1944, alipanda juu ya mkokoteni akainguruma mbele ya jeshi zima. Uingereza ilikuwa vitani na Hitler, watu walihitaji kupandishwa mori. Hiddleston hapandi popote. Anaongea taratibu na wachache waliomzunguka, kama mtu anayeaga ndugu zake. Wapo watakaosema imepoa mno. Mimi naona mtu aliyesikia maneno ya Williams usiku ule asingeweza kupiga kelele.

Halafu linakuja jambo ambalo Olivier aliliacha nje kabisa. Duke wa York, anayeigizwa na mwigizaji Mweusi wa Uingereza, Paterson Joseph, anauawa. Muda si muda Henry anaamuru kila askari aue mateka wake. Watu waliokwisha kusalimu amri! Shujaa wako ndiye huyo, fanya unavyojua.

Baada ya ushindi mfalme analetewa hesabu. Kwa Shakespeare (wanahistoria wana yao) Wafaransa waliokufa ni 10,000. Waingereza waliotajwa majina ni wanne, wakubwa watupu, kisha wengine 25 tu. Hao 25 hawana majina. Mfalme anamshukuru Mungu, safari inaendelea. Mimi nilibaki nahesabu: Williams angekufa, angekuwa wa 26, bila jina.

Thea Sharrock kaanza filamu yake na mazishi ya Henry mwenyewe, kwa hiyo unajua mapema kwamba mbabe hafiki mbali. Kweli alikufa Agosti 1422, ana miaka 35, na hakuuawa na upanga. Inasemekana ni kuhara. Mwanawe aliyerithi hakuwa na hata mwaka mmoja, na Ufaransa yote ile ikaja kupotea.

Na yule msimulizi mwenye sauti ya kizee, marehemu John Hurt? Msikilize tu, utamwona mwishoni. Ni yule kijana mtumishi wa jeshini, aliyezeeka na kumbukumbu zake. Kati ya wote wale, aliyebaki wa kusimulia ni mtoto wa kutumwa maji.

Ni zaidi ya saa mbili, na Kiingereza chake ni cha kale, kwa hiyo washa maandishi ya chini. Ukiweza, anza na Henry IV zote mbili za mfululizo huo huo, ili ukifika kwa Bardolph, mlevi anayenyongwa kwa kuiba kanisani, ujue mfalme alikuwa anakunywa na nani.