Simu Iliyomponza Harry Thuku

Je, msomaji, wajua kwamba neno “simu” lilianza kwa maana ya waya? Limetoka kwa Waajemi. Enzi za mkoloni, kupiga simu mara nyingi kulimaanisha kupeleka maneno yaliyoandikwa, herufi moja moja, kwa nukta na vistari.

Waya huo ulitoka baharini. Mwaka 1879 ulitandazwa chini ya Bahari ya Hindi kutoka Aden hadi Unguja na kuendelea hadi Durban. Aden nayo ilikuwa imeungwa na London na Bombay tangu 1870, na kufikia 1871 nyaya zilikuwa zimefika Singapore na Hong Kong. Habari iliyongoja meli kwa wiki kadhaa sasa ilienda kutoka bandari hadi bandari kwa muda mfupi.

Mombasa iliungwa na Unguja, na reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, nguzo za simu zilipanda nayo kuelekea bara. Wanandi, waliopinga kuingiliwa, waliukata waya na kuufanya mapambo. Reli ilipita Ruiru na kufika Thika mwaka 1913.

Lakini waya hukatika. Ndiyo maana Wajerumani walijenga kituo cha simu isiyo na waya Dar es Salaam. Vita vilipozuka, tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Waingereza, Astraea, iliupiga mji huo mizinga, shabaha kuu ikiwa mnara wa kituo hicho. Waona basi jinsi watawala walivyoithamini simu.

Je, mwananchi wa kawaida naye? Simu ililipiwa kwa neno, na malalamiko yake yalitakiwa kupitia kwa chifu, kisha kwa DC, kisha kwa gavana. Mengi yalifia njiani.

Hapo ndipo anapoingia kijana wa Kambui, Kiambu, si mbali na Ruiru. Harry Thuku, aliyezaliwa mwaka 1895, alikuwa karani wa simu katika Hazina ya serikali jijini Nairobi. Julai 1921, baada ya mkutano wa hadhara, yeye na wenzake waliwaruka wakubwa wote hao, wakapeleka simu moja kwa moja London. Walilalamikia kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi mashambani.

Machifu walikasirika. Thuku akapoteza kazi. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa, na siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe ulipigwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi. Serikali ilikiri vifo vya watu 21, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru. Thuku alihamishiwa Kismayu.

Leo mwanafunzi wa Thika akimwandikia nduguye aliye Ulaya, ujumbe wake bado hupita chini ya bahari kupitia Mombasa, kwa nyaya za mwanga zilizoanza kazi mwaka 2009. Tofauti ni kwamba halipii neno. Thuku na wenzake walilipia kila neno, na gharama haikuishia posta.

Basi, msomaji, kabla hujabonyeza simu yako leo, hebu yapitie maneno yako. Ni lipi ambalo ungekubali kulilipia?