Bustani au Kichaka? Uzuri na Ikolojia katika Msitu wa Karura

Makala haya yanachunguza jinsi wakazi wa jiji wanavyoutambua uzuri wa maeneo ya kijani, na iwapo uzuri huo unaafikiana na ikolojia. Mfano wetu ni Msitu wa Karura jijini Nairobi, wenye ukubwa wa takriban hekta 1,000.

Lugha yenyewe ni ushahidi. Nyasi zikikatwa, mahali huitwa bustani. Zikiachwa, papo hapo huitwa kichaka, nayo mimea isiyopandwa na mtu ikaitwa magugu. Maneno haya hayaelezi tu, bali huhukumu. Bustani hutunzwa; kichaka hufyekwa, au hugawiwa watu kwa hoja kwamba hakitumiki. Karura yenyewe iliponea chupuchupu: Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti humo ili kupinga unyakuzi wa msitu.

Aidha, jicho linalopenda unadhifu laweza kupotoka. Gogo linalooza huonekana uchafu, ilhali ni makao ya wadudu na uyoga, na huurudishia udongo rutuba. Kinyume chake, lantana, mmea uliotoka Amerika, una maua ya kupendeza lakini huisonga miche ya miti ya kiasili. Kumbe kinachopendeza si lazima kiwe chenye manufaa kwa mazingira.

Je, mambo haya mawili yaweza kupatanishwa? Mtaalamu wa mandhari wa Marekani, Joan Iverson Nassauer, alieleza mwaka wa 1995 kwamba watu huikubali mimea inayoonekana kuota ovyo iwapo pana ishara za utunzaji, kwa mfano ua au ukanda wa nyasi zilizokatwa pembeni. Karura yaithibitisha hoja hiyo. Kwa muda mrefu msitu huu uliogopwa kama maficho ya wahalifu. Kuanzia mwaka wa 2009, ulipozungushiwa ua, ukapata walinzi na njia zake kutengenezwa, familia zilianza kumiminika. Msitu haukugeuzwa bustani, wala kima hawakufukuzwa. Kilichobadilika zaidi ni jicho la mtazamaji.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, suala hili ni la kisemantiki pia. Tusikiapo eneo likiitwa kichaka kitupu, tuulize ni nani aliyelipa jina hilo, na anakusudia kulifanyia nini.