Herufi zisizosemwa katika Kiingereza

Wandugu wanafunzi, mtoto wa darasa la kwanza akisoma "knife" na kutaja ile K, darasa zima linacheka. Wengine sasa hawataki tena kusoma kwa sauti, na bila kusoma kwa sauti mtu hatajua kusema Kiingereza. Juu ya hiyo nimeandika.

Ile K haikuwekwa bure. Zamani Waingereza wenyewe walikuwa wanaisema: "knife", "know", "knee", zote na K yake. Neno "canif" la Kifaransa ni ndugu ya "knife", na mle K inasikika mpaka leo. Waingereza waliiacha katika kusema tu. William Caxton alileta mashini ya kuchapa vitabu Uingereza katika mwaka 1476. Maandishi yakaanza kukaa pale pale, midomo ikaendelea kutembea. GH ya "night" na "light" nayo ilikuwa sauti ya kweli, ya kooni.

B ya "debt" ni jambo lingine. Neno lilitoka kwa Kifaransa, "dette", bila B. Kisha watu wenye elimu wakakumbuka Kilatini, "debitum", wakaingiza B katika kuandika. Midomo haikuwafuata. Shakespeare aliweka katika mchezo wake mmoja mwalimu mwenye kudai watu waitaje ile B, na kumbe pale anayechekwa ni mwalimu! "Doubt" ni vile vile: angalieni "doute".

Vokali ziko na mateso zaidi. Kwa Kiswahili A ni A tu. Lakini EA katika "meat" ni I ndefu, katika "bread" ni E fupi, katika "great" ni EI. Tangu miaka ya 1400 mpaka 1700 hivi vokali ndefu za Kiingereza zilihama, na maneno hayakutembea yote kwa mwendo mmoja. Hapa kanuni haitoshi. Shika neno pamoja na sauti yake, sawa tunavyoshika "le" na "la".

E ya mwisho, hiyo iko na kazi. "Hat" ni kofia, "hate" ni kuchukia: E haisemwi, lakini inageuza A iliyotangulia. Ila "have" haisikii amri hiyo.

Wadogo wa darasa la kwanza na la pili walete kitabu cha Kiingereza Jumatano kisha masomo. Sisi wa darasa la sita tutasoma pamoja nao kwa sauti, nusu saa. Wenye kuja kucheka wabaki nje.

Kapita wa wanafunzi