Ndimu, Maembe na Sidiria: Tucheke, Lakini Tuambiane Ukweli

Wanawake watano wakikaa bombani kusubiri maji, haichukui muda utani wa matiti unaanza. Mmoja atasema yeye aligawiwa ndimu wakati wenzake wanagawiwa maembe. Mama wa watoto wanne atajibu kwamba ya kwake siku hizi yanasalimia kitovu. Wa tatu atachomoa noti kwenye sidiria na kutangaza kuwa benki yake haifungwi Jumapili. Kicheko!

Utani wa namna hii una faida. Anayeutania mwili wake mwenyewe hauonei aibu, na hapo ndipo binti anapata ujasiri wa kuuliza: "Eti shangazi, mbona langu moja ni kubwa kuliko jingine?"

Shuleni ni tofauti. Kule mwenye mwili hajitanii, anataniwa. Huyu anaitwa "ubao", yule anaambiwa ana "ndala". Matokeo yake unayajua: sweta kwenye jua kali, mikono imekunjwa kifuani, na netiboli basi tena. Usidhani ni kwetu tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walichapisha majibu ya wasichana 2,089 wa miaka 11 hadi 18. Karibu nusu yao walisema matiti yanaathiri ushiriki wao katika michezo.

Sasa tuulizane.

Je, kwa nini hatulingani?
Ukubwa wa matiti hutokana na urithi kutoka kwa baba na mama, homoni, na mafuta ya mwili. Wengi huanza kuota matiti kati ya miaka 8 na 13, na ukuaji huendelea kwa miaka kadhaa. Moja linaweza kutangulia, na hata ukubwani mengi hayalingani sawasawa. Ni kawaida kabisa.

Je, madogo yatatoa maziwa?
Ndiyo. Tofauti kubwa ya ukubwa ni mafuta, si uwezo wa kutengeneza maziwa. Mtoto anavyonyonya zaidi, ndivyo maziwa yanavyotengenezwa zaidi.

Je, kuna dawa ya kuyakuza?
Krimu na mitishamba inayouzwa kwa kazi hiyo haijathibitishwa kuwa inafanya kazi. Sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki wasichana wamekuwa wakikamata wadudu wa majini ili wawang'ate chuchu, eti matiti yakue. Utapata maumivu na uvimbe tu.

Je, makubwa yanaonyesha msichana ameanza mapenzi?
Hapana! Uongo mtupu. Matiti hayatoi siri ya mtu. Na kulegea hutokana na umri, ujauzito, kubadilika uzito na kuvuta sigara, si kushikwa na mvulana.

Je, sidiria inaleta kansa?
Hapana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wanawake zaidi ya 1,500, haukuona uhusiano wowote. Kuvaa au kutovaa ni uamuzi wako, ila kwenye michezo inayobana vizuri hupunguza maumivu.

NAMNA YA KUPIMA
Muuza sidiria akikuangalia tu na kusema "dada, hii yako", usikubali haraka. Chukua futikamba ya fundi cherehani. Pima kwa inchi chini ya matiti, kisha pima penye chuchu. Kipimo cha kwanza ndiyo namba. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo herufi: inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Kwa hiyo chini 32 na juu 34 ni 32B. Viwanda hutofautiana kidogo, kwa hiyo ijaribu. Ikiacha alama nyekundu au ikipanda mgongoni, si saizi yako.

NENDA KLINIKI UKIONA HAYA
Uvimbe usioondoka baada ya hedhi, chuchu kutoa damu au usaha, titi kuwa jekundu na la moto, au umefika miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti. Maumivu kidogo kabla ya hedhi ni kawaida.

Na ninyi kaka zetu mnaocheka nyuma ya darasa, sikilizeni. Takriban nusu ya wavulana huvimba kidogo nyuma ya chuchu wakati wa kubalehe. Kwa wengi huisha wenyewe ndani ya miaka miwili. Mngependa na ninyi mpewe majina?

Kwa hiyo utani ukianza, mwangalie anayetaniwa. Kama hacheki, acheni. Na wewe mwenye swali, usilifiche chini ya sweta. Muulize dada, shangazi, matroni au nesi. Kisha rudi uwanjani, timu inakusubiri!