Kiswahili cha Mzaha: Kundi la Bloomsbury na Afrika Mashariki

Tarehe 7 Februari 1910, vijana sita wa Kiingereza walipokelewa kwa heshima katika meli ya kivita Dreadnought wakijifanya msafara wa wana wa kifalme kutoka Uhabeshi. Wanne walijipaka rangi nyeusi na kubandika ndevu. Miongoni mwao alikuwa Virginia Stephen, ambaye baadaye alijulikana kama Virginia Woolf. Adrian, ndugu yake, alikuwa "mkalimani". Garini walikuwa na kitabu cha sarufi ya Kiswahili, wakajaribu kukariri maneno machache. (Kwamba Wahabeshi hawasemi Kiswahili halikuwashughulisha.) Maneno yalipomwishia, Adrian aliendelea kwa mashairi ya Kilatini na Kigiriki aliyoyavunjavunja matamshi. Maofisa hawakugundua lolote.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama utani wa ujana. Kwa mtafiti wa Kiswahili, kinaonyesha jambo zito zaidi: lugha hii ilichukuliwa kuwa sauti tu ya Afrika, isiyo na mahali wala wenyewe.

Kundi lenyewe lilianzia nyumba namba 46, Gordon Square, London, ambako mwaka 1905 Thoby Stephen alianza kuwaalika rafiki zake wa Cambridge kila Alhamisi jioni. Thoby alifariki mwaka 1906 kwa homa ya matumbo, na msiba huo uliwakaza waliobaki. Siku mbili baadaye dada yake Vanessa, mchoraji, alikubali posa ya Clive Bell. Virginia aliolewa mwaka 1912 na Leonard Woolf, rafiki mwingine wa Thoby, aliyekuwa amerejea kutoka utumishi wa kikoloni huko Ceylon. Vanessa, bila kumtaliki Clive, aliishi miongo mingi na mchoraji Duncan Grant, mmoja wa "wana wa kifalme" wa 1910. Binti yao, Angelica, alilelewa kwa jina la Bell.

Mahusiano hayo ndiyo yaliyozaa chombo cha kazi. Mwaka 1917 Leonard na Virginia walinunua mashine ndogo ya kuchapia, wakaiweka chumba cha kulia chakula. Leonard alitumaini kazi ya mikono ingeituliza akili ya mkewe, aliyekuwa ameugua sana. Riwaya mbili za kwanza za Virginia zilichapishwa na kaka yake wa upande wa mama. Kuanzia Jacob's Room (1922) alijichapishia mwenyewe, na Vanessa akachora majalada. Bila mashine ile, usasa wake usingekuwa huru kiasi kile.

Hogarth Press, kama ilivyoitwa, ilifika pia Afrika Mashariki. Leonard alikuwa ameandika Empire and Commerce in Africa (1920), kinachochambua unyonyaji wa kikoloni, Zanzibar ikiwamo. Virginia alimsaidia kukusanya maelezo. Mwaka 1924 Hogarth ilitoa Kenya cha Norman Leys, daktari aliyepinga unyang'anyi wa ardhi. Mwaka 1934 ikamchapisha Parmenas Mockerie, Mkikuyu aliyetumwa London pamoja na Jomo Kenyatta mwaka 1931 kuwasilisha malalamiko ya watu wao. Safari hii Mwafrika alizungumza mwenyewe, ingawa kwa Kiingereza.

Miaka miwili baadaye, Hogarth hiyohiyo ilichapisha kumbukumbu za Adrian kuhusu mzaha wa Dreadnought, kitabu cha sarufi ya Kiswahili kikiwa ndani yake kama kichekesho.