Waya wa milimita moja kwa mkono wa mkulima

Mchumaji wa chai hukata majani mawili na chipukizi kwa dole gumba na kidole cha shahada. Mkamuaji wa ng'ombe hufumba na kufumbua ngumi mamia ya mara kabla jua halijapanda. Rungwe ni wilaya ya chai, ndizi, viazi na maziwa. Hapo mkono ndio mtaji, na mkono huohuo ndio unaobanwa na bodi la lori la ndizi au kupondwa pikipiki inapoteleza kwenye matope.

Aliyevunjika mguu hubebwa siku hiyohiyo. Aliyevunjika kidole huchuliwa kwa maji ya moto, hufungwa kitambaa na kurudi shambani.

Mara nyingi kidole hicho hupona kweli. Mfupa uliopata ufa bila kuhama hauhitaji kisu wala waya: kidole hufungwa pamoja na jirani yake kwa wiki tatu hivi, basi. Kazi ipo kwenye mfupa uliokatika mshazari, uliopishana au kuzunguka. Daktari humwambia mgonjwa akunje vidole. Vilivyo vizima huelekea pamoja kwenye kitako cha dole gumba, lakini kilichozunguka humpanda mwenzake. Kikiungana hivyo, ngumi haitafungika sawasawa tena, na kukamua kutakuwa taabu.

Hapo ndipo waya unapoitwa. Ni wa chuma kisichoshika kutu, unene wake kama milimita moja, ncha yake kali. Kidole hupigwa ganzi kwenye shina huku mgonjwa yu macho. Daktari hukivuta, huurudisha mfupa kwenye mstari wake, kisha kwa drili ndogo huupitisha waya kwenye ngozi hadi ushike vipande vyote viwili, akijihakikishia kwa picha ya eksirei. Mara nyingi hutumika nyaya mbili, kwa kuwa mmoja peke yake huweza kuruhusu kipande kizunguke. Ncha ya nje hukunjwa na kufunikwa kwa bendeji.

Waya huo hubeba jina la Martin Kirschner, daktari Mjerumani aliyeutambulisha mwaka 1909, wakati Tukuyu, mji mkuu wa Rungwe, ikiitwa Neu Langenburg chini ya Wajerumani wenzake. Yeye hakuwa akifikiria vidole: aliupitisha kwenye mifupa mikubwa ya mguu ili uvutwe kwa uzito. Matumizi ya mkononi yalishika kasi baadaye.

Kwa mkazi wa Rungwe, safari ya kuufikia waya huo huanzia zahanati, hupanda hadi hospitali ya wilaya, Makandana, au ile ya Kanisa Katoliki ya Igogwe. Ikihitajika rufaa, hukata kona ya Uyole kwenda Mbeya, takribani kilomita 70 kutoka Tukuyu. Si mbali kwa basi. Ni mbali kwa mwenye ng'ombe wawili wanaosubiri kukamuliwa jioni, na ndiyo maana wengi huahirisha. Lakini mfupa hauahirishi: ndani ya siku saba hadi kumi hurudishwa mahali pake kwa kuvutwa tu, ilhali baada ya wiki tatu hivi umekwisha kuanza kujishika vibaya, na huenda ukahitaji kupasuliwa. Mfupa ukitokeza nje au kidonda kikiufikia, hata usiku mmoja ni mwingi. Zizi na samadi ni makazi ya vimelea vya pepopunda, hivyo chanjo na dawa za kuua bakteria hutangulia.

Baada ya waya kuingia, hatari kubwa ni woga. Wengi huubeba mkono kama yai, vidole vyote vikiwa vimenyooka, hata vile visivyoumia. Kano hunata, viungo hukakamaa, na mgonjwa hubaki na mfupa ulionyooka ndani ya kidole kisichokunjika. Kwa hiyo vidole vizima huchezeshwa tangu siku ya kwanza, mkono huinuliwa juu ya moyo kupunguza uvimbe, na bendeji hukaa kavu, jambo gumu katika mvua za Tukuyu. Wekundu, usaha au waya kulegea ni sababu ya kurudi hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki.

Kwa kawaida waya hung'olewa kwa koleo baada ya wiki tatu hadi sita, mara nyingi bila ganzi, kwa dakika chache. Kisha huanza mazoezi: kukunja, kunyoosha, kuminya tambara lenye maji ya uvuguvugu. Kuchambua maharage kunaweza kuanza mapema. Mikungu ya ndizi hungoja wiki ya nane au zaidi, na mwenye lori itabidi atafute mpakiaji mwingine.